Tiba ya umeme kwa misuli na viungo: Inavyofanya kazi, inakofaa na inakokoma

MAUMIVU ya mgongo, shingo, mabega na magoti ni miongoni mwa mambo yanayowapeleka Wakenya wengi kwa mtaalamu wa tibamaungo, au fiziotherapia kama wengi wanavyoiita. Jijini Nairobi, mabango ya wataalamu hawa huonekana kuanzia orofa za majengo ya katikati ya jiji hadi Upper Hill, Hurlingham, Kilimani, Westlands na Parklands, na vilevile katika mitaa ya Kawangware, Kangemi na Dagoretti. Mara nyingi mgonjwa akishaingia ndani hukuta mashine yenye nyaya na vibandiko, kisha akaelezwa kwamba atawekewa umeme.

Hapo ndipo maswali huanza. Wapo wanaoingiwa na hofu kwa kudhani kwamba watapigwa shoti. Wapo pia wanaoamini kwamba kikao kisicho na mashine si matibabu, hivyo hulipia kikao baada ya kikao huku wakipuuza mazoezi waliyopewa ya kufanya nyumbani. Hofu ya kundi la kwanza haina msingi, na imani ya kundi la pili huwagharimu pesa na wakati.

Makala haya yanaeleza aina kuu za tiba hii, jinsi kila moja inavyofanya kazi, nani hastahili kuipata na utafiti unasema nini kuhusu manufaa yake. La msingi kukumbuka ni kwamba umeme waweza kutuliza maumivu kwa muda au kuamsha msuli uliozembea, ila ni nadra uponye peke yake. Kazi kubwa hufanywa na mwili wenyewe, ukisaidiwa na mazoezi.

TIBA HII NI NINI?

Tiba ya umeme ni jina la jumla linalojumuisha mbinu kadhaa ambapo nishati hupitishwa mwilini ili kupunguza maumivu, kusisimua misuli au kupasha joto sehemu iliyoumia. Wataalamu huzigawa katika makundi matatu. La kwanza ni la mikondo ya umeme inayopita kwenye ngozi hadi kwenye neva na misuli. La pili ni la mashine zinazotia joto ndani ya mwili. La tatu ni la mawimbi ya sauti na miale ya mwanga. Katika makundi mawili ya mwisho, umeme huendesha mashine tu, na kinachoingia mwilini ni nishati ya aina nyingine.

Ni vyema pia kuitenganisha na tiba ya mshtuko wa umeme inayotolewa na madaktari wa maradhi ya akili, ambapo mgonjwa hutiwa nusukaputi na umeme kupitishwa kwenye ubongo. Hiyo ni tiba nyingine kabisa, yenye lengo na kanuni zake.

Umeme unaofika majumbani na hospitalini nchini Kenya una nguvu ya volti 240. Mashine ya tiba huupunguza na kuudhibiti kabla haujamfikia mgonjwa, na vifaa vidogo hutumia betri. Anachohisi mgonjwa aghalabu ni mnyeo, mfano wa chungu wanaotambaa juu ya ngozi, au msuli kukaza na kulegea.

CHIMBUKO LAKE

Binadamu alianza kuutumia umeme kama dawa kabla hajajua umeme ni nini. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, aliandika kuhusu samaki wa baharini wa jamii ya taa mwenye uwezo wa kutoa umeme. Mgonjwa wa jongo alitakiwa kumkanyaga samaki huyo akiwa hai hadi mguu uingie ganzi.

Sayansi yenyewe ilikuja baadaye. Mnamo 1791, Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mguu wa chura aliyekufa hurukaruka unapoguswa na umeme. Mwaka wa 1831, Mwingereza Michael Faraday aligundua namna ya kuzalisha umeme kwa kutumia sumaku. Daktari Mfaransa, Duchenne, alichapisha kitabu mnamo 1855 kuhusu kuusisimua msuli mmoja mmoja kwa umeme. Ndiyo maana hadi leo wataalamu hutaja mkondo wa galvani na mkondo wa faradi.

Hatua iliyobadilisha mambo zaidi ilipigwa mwaka wa 1965, wakati Ronald Melzack na Patrick Wall walipotoa nadharia ya lango la maumivu. Walisema kwamba katika uti wa mgongo kuna mfano wa lango linaloamua ni ujumbe gani wa maumivu utafika ubongoni. Kutokana na wazo hilo, vifaa vidogo vya kutuliza maumivu kwa umeme vilianza kutengenezwa.

KUTULIZA MAUMIVU: KIFAA CHA TENS

Kifaa kinachojulikana zaidi ni kile ambacho wataalamu hukiita kwa ufupi TENS. Ni kidogo, chaweza kutoshea mfukoni, na huwa na vibandiko viwili au vinne vinavyowekwa karibu na mahali panapouma.

Ili kuielewa kazi yake, fikiria mlango wa matatu saa ya jioni katikati ya jiji. Abiria wengi wakiukimbilia kwa pamoja, aliye nyuma hukosa pa kupenya. Neva zinazobeba hisia za mguso husafirisha ujumbe haraka kuliko zile zinazobeba maumivu. TENS huzichangamsha neva za mguso, ujumbe wao ukajaa langoni, na maumivu yakapata shida kupita. Ni sababu hiyohiyo inayomfanya mtu aliyejigonga ugoko kuusugua papo hapo bila kufundishwa na yeyote.

Kifaa hiki huweza kutegwa kwa namna mbili kuu. Ya kwanza hutoa mapigo mengi, kati ya 80 na 100 hivi kwa sekunde, na mgonjwa huhisi mnyeo tu. Ya pili hutoa mapigo machache, kama mawili hadi manne kwa sekunde, lakini yenye nguvu kiasi cha kuufanya msuli udunde. Inaaminika kwamba namna hii ya pili huuchochea mwili kutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, ziitwazo endofini.

Kwa kawaida nafuu hupatikana wakati kifaa kinapofanya kazi na kwa muda mfupi baadaye. Muda huo unafaa kutumiwa. Mgonjwa ambaye goti limetulia kwa saa moja anapaswa kuitumia saa hiyo kutembea na kufanya mazoezi ambayo maumivu yalikuwa yakimzuia.

MIKONDO INAYOPISHANA

Mashine nyingine ya kutuliza maumivu, ambayo ni kubwa na hupatikana zaidi hospitalini na katika kliniki, hutumia mikondo miwili inayopishana mwilini. Mbinu hii ilianzishwa na Hans Nemec wa Austria na kuenea kuanzia miaka ya 1950.

Mkondo mmoja huwa na mizunguko 4,000 kwa sekunde na wa pili, kwa mfano, mizunguko 4,100. Mikondo ya kasi hiyo hupenya ngozi bila kuwasha sana. Inapokutana ndani ya mwili, tofauti kati yake, yaani 100, huwa ndiyo kasi ya mapigo yanayozifikia neva. Kwa sababu hiyo mgonjwa huwekewa vibandiko vinne vilivyokingamana, na mahali panapouma huwa katikati. Baadhi ya mashine hutumia vikombe vinavyofyonza ngozi, au sponji zilizoloweshwa maji.

KUAMSHA MISULI

Kundi hili lina manufaa yanayoonekana kwa macho. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa goti, au aliyefungwa plasta kwa majuma mengi, hupata kwamba msuli mkubwa wa mbele ya paja umesinyaa na haumtii tena. Mashine hupeleka mapigo kwenye neva ya msuli huo na kuufanya ukaze kwa sekunde chache, upumzike, kisha ukaze tena. Mgonjwa hutakiwa kuukaza yeye mwenyewe kwa wakati huohuo ili ubongo na msuli vizoeane upya. Anayelala tu na kuiachia mashine kazi yote hupata faida ndogo.

Kwa waliopatwa na kiharusi, kifaa cha aina hii huweza kuwasaidia wale ambao unyayo wao huning'inia na vidole kukwaruza chini wanapotembea. Kifaa hufungwa chini ya goti na kuisisimua neva ya mguu kila mtu anapoinua hatua, nao unyayo ukanyanyuka. Mnamo 2009, taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo hutoa miongozo kwa huduma za afya za nchi hiyo, iliikubali mbinu hii kwa watu wenye tatizo la kuburura unyayo lililosababishwa na madhara ya ubongo au uti wa mgongo.

Hali ni tofauti kwa ugonjwa wa kupooza upande mmoja wa uso, ambao wengi nchini huuhusisha na upepo wa baridi. Wagonjwa kadhaa hukimbilia kuwekewa umeme usoni. Uchunguzi wa kina wa tafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 haukupata ushahidi thabiti kwamba umeme huharakisha kupona. Kinachosaidia ni dawa za kundi la steroidi, ambazo zapaswa kuanzishwa na daktari ndani ya saa 72 tangu uso upinde, pamoja na kulikinga jicho lisilofumba. Anayezimaliza siku hizo tatu akitafuta mashine hupoteza nafasi ambayo hairudi. Tena ikiwa mkono au mguu pia umelegea, au usemi umevurugika, hicho chaweza kuwa kiharusi, na mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja.

JOTO LA NDANI

Chupa ya maji moto hupasha ngozi tu. Ili joto lifike ndani zaidi, ipo mashine ya dayathemi ya mawimbi mafupi. Hii hutoa mawimbi kama ya redio, yenye mizunguko milioni 27.12 kwa sekunde na urefu wa mita 11 hivi. Mgonjwa hahisi mnyeo wala mtetemo. Huhisi uvuguvugu mwanana tu, na kama anahisi kuchomeka ni ishara kwamba kuna jambo lisilo sawa.

Joto huongeza mtiririko wa damu, hulegeza misuli iliyokakamaa na kurahisisha viungo kukunjika. Lakini mashine hii ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa kuliko zote. Chuma hukusanya nishati yake, kwa hivyo funguo, sarafu, saa, simu, mikufu na vifaa vya kusaidia kusikia huwekwa kando. Kitanda au kiti cha mbao hufaa zaidi kuliko cha chuma. Jasho na nguo mbichi pia huweza kusababisha kuungua. Mtaalamu mwenyewe hutakiwa kusimama umbali wa angalau mita moja mashine inapofanya kazi.

Jambo hili ni zito katika jiji lenye ajali nyingi za barabarani. Chukua mfano wa mwendeshaji bodaboda wa Kawangware aliyevunjika mguu akatiwa vyuma ndani ya mfupa. Miezi kadhaa baadaye anakwenda kwenye kliniki nyingine akilalamikia maumivu ya paja. Asipoulizwa kuhusu vyuma vile, naye asiseme, joto laweza kurundikana kandokando ya chuma na kuiunguza nyama kutoka ndani, mahali ambapo jicho halioni.

MAWIMBI YA SAUTI

Sikio la binadamu husikia sauti hadi takribani mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mashine ya ultrasaundi hutoa mitetemo milioni moja au milioni tatu. Ya milioni moja hupenya sentimita kadhaa, na ya milioni tatu huishia karibu na ngozi. Ni ya ukoo mmoja na ile inayotumiwa kumpiga picha mtoto tumboni, lakini nguvu zake na matumizi yake ni tofauti. Hii ya tiba haitoi picha yoyote.

Mawimbi haya hayapiti hewani vyema, ndiyo maana ngozi hupakwa jeli kwanza. Kichwa cha mashine lazima kisogezwe polepole bila kusimama, kwa sababu kikitulia mahali pamoja nishati hurundikana na kuleta maumivu makali ya mfupa. Mgonjwa akiona mtu amekiegesha kichwa hicho begani mwake na kwenda kuzungumza na simu, ana haki ya kulalamika.

Zipo pia taa za miale ya joto, ambazo hupasha ngozi na sehemu iliyo chini yake kidogo, na leza ya nguvu ndogo, ambayo humlazimu mgonjwa na mtaalamu kuvaa miwani maalumu. Isitoshe, baadhi ya kliniki zina mashine ya mawimbi ya mshindo, inayopiga mapigo ya nguvu kwenye mahali kama kisigino chenye maumivu sugu.

UTAFITI UNASEMAJE?

Kwa miaka mingi tiba hizi zilitumiwa kwa mazoea. Siku hizi kila moja hupimwa, na matokeo hayajazipendelea zote.

Mnamo 2016, taasisi ya NICE ilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, ikawataka wataalamu wasitumie TENS, ultrasaundi wala mikondo inayopishana kutibu maumivu hayo. Mwaka wa 2022 ikatoa msimamo kama huo kuhusu ugonjwa wa gegedu za viungo kulika, ambao huwasumbua wazee wengi magotini, kwa kuwa ushahidi wa manufaa haukutosha.

Nalo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha Desemba 2023 mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya chini ya mgongo. Lilikadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu hiyo mwaka wa 2020, sawa na mtu mmoja kati ya 13. Miongoni mwa yaliyopendekezwa ni mafunzo ya kujitunza, mipango ya mazoezi na baadhi ya tiba za mikono. TENS na ultrasaundi ya tiba hazikupendekezwa kutumiwa kama desturi.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba umeme haufanyi lolote. Mnamo 2022 ulichapishwa uchanganuzi uliokusanya majaribio 381 kuhusu TENS. Ulibaini kwamba maumivu hupungua kifaa kinapotumika au mara tu baada ya kutumika, na kwamba madhara makubwa ni nadra. Tofauti ya maoni ipo katika swali linaloulizwa. Kama swali ni iwapo mgonjwa atapata nafuu ya saa moja, jibu mara nyingi ni ndiyo. Kama swali ni iwapo mgongo wake utakuwa bora mwaka ujao kwa sababu ya mashine, ushahidi haupo.

Kwa mkazi wa Kangemi au Dagoretti, tofauti hiyo ina bei. Kila kikao kina ada, nauli ya kwenda na kurudi, na saa za kazi zilizopotea. Vikao vingi vya kulala chini ya mashine bila kufunzwa mazoezi vyaweza kummaliza mtu pesa kabla hajafika kwenye sehemu ya tiba ambayo ingemsaidia.

WASIOSTAHILI KUPEWA

Kabla ya kuwekewa mashine yoyote, mgonjwa anapaswa kueleza hali yake bila kuficha. Miongoni mwa mambo ambayo mtaalamu lazima ayajue ni haya:

- Kifaa cha kudhibiti mapigo ya moyo au kingine chochote cha umeme kilichopandikizwa mwilini.

- Ujauzito, au uwezekano wa kuwa mjamzito.

- Saratani, ya sasa au ya awali, hasa karibu na mahali panapotibiwa.

- Damu iliyoganda katika mishipa ya mguu. Dalili zake ni uvimbe, joto na maumivu katika ndama ya mguu mmoja.

- Kufa ganzi kutokana na kisukari, ukoma, kiharusi au jeraha la uti wa mgongo. Ngozi isiyohisi haitamwambia mtu kwamba inaungua.

- Vyuma vilivyowekwa mwilini, hasa pale dayathemi inapokusudiwa.

- Kifafa, kifua kikuu, vidonda au maambukizi ya ngozi.

Aidha, mikondo ya umeme haiwekwi mbele ya shingo, juu ya macho wala kukingama kifua. Kwa watoto ambao bado wanakua, ultrasaundi haielekezwi kwenye ncha za mifupa.

Zipo pia dalili zinazodai daktari kabla ya mashine. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Miguu kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo na haja kubwa ni dharura ya siku hiyohiyo. Kutuliza maumivu ya namna hii kwa umeme ni kufunika moto kwa majani makavu.

YANAYOPASWA KUTENDEKA CHUMBANI

Mtaalamu makini huanza kwa maswali na uchunguzi wa mikono, na mashine huja baadaye. Huitazama ngozi na kuipima hisia. Kabla ya tiba ya joto, njia ya kawaida ni kutumia vichupa viwili vya maji, kimoja cha moto na kimoja cha baridi, mgonjwa akiwa amefumba macho, ili kuhakikisha kwamba anaweza kuvitofautisha. Mafuta ya kujipaka huoshwa kwa sababu huzuia umeme kupita sawasawa. Mkondo huanza kwenye sufuri na kupandishwa polepole, na baadaye ngozi hutazamwa tena.

Mgonjwa naye hapaswi kujikaza kisabuni. Dhana kwamba umeme ukiuma zaidi ndipo unapotibu zaidi ni potovu. Anafaa kupewa kengele, au awe karibu na mtu anayeweza kumsikia akiita. Vibandiko vilivyokwisha gundi hugusa ngozi kwa sehemu ndogo tu na huweza kuichoma, na havifai kupokezanwa kati ya wagonjwa.

Mashine zenyewe huhitaji kukaguliwa na fundi wa vifaa vya matibabu kila baada ya muda. Ya ultrasaundi hasa huweza kuonyesha kiwango kimoja kwenye kioo huku ikitoa kingine. Ni halali kuuliza ilipimwa lini.

NANI ANARUHUSIWA, NA WAPI?

Nchini Kenya, taaluma hii inaongozwa na Sheria ya Wataalamu wa Tibamaungo ya mwaka wa 2014, iliyounda baraza la kuwasajili na kuwapa leseni. Mtu anayetoa huduma hii anapaswa kuwa na usajili huo, na mgonjwa anaweza kuomba kuuona. Wengi wao wamefunzwa katika Taasisi ya Mafunzo ya Matibabu (KMTC), ambayo historia yake inaanzia 1927, na siku hizi vyuo vikuu pia hutoa shahada ya taaluma hii.

Jijini, idara za tibamaungo zinapatikana katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, iliyoanzishwa mwaka wa 1901 ikiwa na vitanda 40, na katika Hospitali ya Mbagathi. Walioumia uti wa mgongo wana hospitali yao ya kitaifa katika barabara ya Lenana. Kwa upande wa hospitali za kibinafsi, ipo Nairobi Hospital katika barabara ya Argwings Kodhek, pamoja na Aga Khan na MP Shah mtaani Parklands. Ukitoka nje kidogo upande wa magharibi, Hospitali ya PCEA Kikuyu inajulikana kwa huduma za mifupa na urekebishaji.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Iwe unategemea SHA au bima ya kampuni, uliza kabla ya kuanza ni vikao vingapi vitalipiwa, na kama tiba ya mashine imejumuishwa.

MASHINE ZA KUJINUNULIA

Vifaa vidogo vya TENS sasa huuzwa madukani na mitandaoni. Kwa mtu mwenye maumivu sugu aliyekwisha kupimwa na kuelekezwa, kifaa cha betri chaweza kumpunguzia safari za kliniki. Asikitumie akiwa usingizini, akiendesha gari, akiwa bafuni wala karibu na maji. Asikiweke kifuani, shingoni mbele wala kichwani. Vifaa vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, visivyo na maelezo wala jina la mtengenezaji, ni vya kuepukwa. Na mashine inayonadiwa kwamba huponya kisukari, shinikizo la damu, saratani na mgongo kwa mpigo mmoja, hiyo ni biashara tu.

MASWALI MANNE YA KUULIZA

Mgonjwa anaweza kujikinga kwa maswali machache kabla ya swichi kuwashwa. Mashine hii inaitwaje, na inakusudiwa kufanya nini mwilini mwangu? Je, kuna sababu yoyote inayonifanya nisistahili kuipata? Tutajuaje kama inasaidia, na tutaacha lini isiposaidia? Na la nne, ambalo wengi husahau kuliuliza: ni mazoezi gani ninayopaswa kufanya nyumbani?

Mtaalamu anayeijua kazi yake hatakasirishwa na maswali hayo. Atayajibu kwa lugha nyepesi, aandike lengo linaloweza kupimwa, kwa mfano kupanda ngazi hadi orofa ya pili bila kushika ukuta, kisha apime maendeleo baada ya vikao vichache. Lengo lisipokaribia, hubadilisha mbinu au humrudisha mgonjwa kwa daktari.

Kwa vyovyote vile, dakika 15 au 20 za umeme ni sehemu ndogo ya siku. Saa zinazosalia ni za mgonjwa mwenyewe: anavyoketi kazini, anavyoinua mzigo, anavyotembea, na kama atayarudia mazoezi aliyofunzwa asubuhi na jioni. Haba na haba hujaza kibaba, na hicho ndicho kibaba ambacho mashine haiwezi kumjazia.